Kwa mnaoandika tasnifu juu ya Wanazi na wanyama

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za sura ya pili juu ya Wanazi, chama cha Hitler kilichoitawala Ujerumani 1933 hadi 1945, na zote zina sentensi ile ile: "Wanazi waliwapenda wanyama." Jamani wadogo zangu! Sentensi hiyo niliiandika mimi kabla yenu, na mpaka leo inaniuma.

1. Sheria zipangeni kwa tarehe. Ya kulinda wanyama ni ya 24 Novemba 1933, na kila mtu anaanzia hapo. Mimi niliipamba kurasa nne. Ile ya 21 Aprili mwaka huo huo, iliyolazimisha mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa, niliitia mstari mmoja tu, nikaiita hatua ya huruma. Siku moja nimesimama kwenye bucha ya ami yangu Darajani, namsimulia kwa furaha. Alikuwa anapasua mbavu za ng'ombe. Akaweka kisu juu ya gogo, akafuta mikono. "Na Mayahudi wa huko, mwanangu? Wao kama sisi, mnyama huchinjwa mzima na fahamu zake. Walikula nini?"

Sikuwa na jibu. Miezi sita nimeisoma sheria ile na swali hilo halikunijia, mimi niliyekua nikishika miguu ya mbuzi kila Iddi ya kuchinja! Watu walizuiwa ibada yao kwa kisingizio cha kumwonea ng'ombe huruma, nami nikakipokea kisingizio na kukipigia chapa. Usiku ule nililia, wallahi. Asubuhi nikaifuta sura nzima.

2. Kila mnyama, ulizeni ni wa nani. Mwaka 1942 Mayahudi walikatazwa kufuga, na hata kumpa mtu mwengine mnyama wao ilikuwa marufuku. Victor Klemperer, profesa mwenye asili ya Kiyahudi aliyefukuzwa kazi Dresden, aliandika kwenye shajara yake jinsi paka wao, Muschel, alivyopelekwa kwa daktari wa mifugo kuuliwa. Miaka hiyo hiyo Hitler anapigwa picha na mbwa wake Blondi. Aprili 1945, Hitler akijiandaa kujiua, sumu ikajaribiwa kwa Blondi huyo huyo.

3. China iacheni kwanza. Shomoro wa 1958, serikali ya Mao ilipoamuru wauliwe kwa kuwa wanakula nafaka, watu wakigonga masufuria ndege wasitue mpaka waanguke, kisha wadudu wakazidi mashambani na 1960 kunguni akatiwa kwenye orodha ya viumbe wa kuangamizwa badala ya shomoro: hiyo ni tasnifu nyengine.

4. Rejea andikeni siku ile ile mnayosoma.

Rasimu nazirudisha Jumatatu. Penye "waliwapenda" nimetia duara. Andikeni hapo nani alikatazwa kuchinja.