Gaidi hateuliwi jamani

Msomaji mmoja wa Mwanga, Kigoma, kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Kijiweni tumebishana sana, mmoja anasema Marekani kuna mswada wa kuteua vikundi vya siasa vya humohumo ndani kuwa vya kigaidi, mwingine anasema hakuna mswada bwana, ni muswada. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu. Wote mko sahihi, Bunge letu Dodoma linaandika muswada, Wakenya wanaandika mswada, neno la Kiarabu hilo, maana yake andiko la kwanza ambalo halijanyooshwa, basi yaishe. Mimi kilichonikera ni hiyo "kuteua" mliyoipitisha wote hapo kijiweni bila hata mmoja kushtuka.

Hivi kuteua ni nini? Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi ikisharudi, muangalie mama anayechagua dagaa wa kuanika. Wale wazima wanaong'aa anatia kwenye beseni, waliopasuka matumbo anawasukuma pembeni. Wa kwenye beseni ndo kawateua. Wa pembeni kawatenga, kawakataa, kawabwaga, sema utakavyo ila usiseme kawateua, maana hata mama mwenyewe atakutazama mara mbilimbili. Kuteua kuna heshima ndani yake. Mkuu wa wilaya anateuliwa na ukoo mzima unachinja mbuzi. Taifa teule, mteule wa moyo. Sasa kikundi "kimeteuliwa" kuwa cha kigaidi, kinaapishwa lini? Tupeleke pongezi wapi?

Najua inakotoka, mtangazaji ana taarifa ya Kiingereza mezani na dakika mbili za kwenda hewani, anadaka neno la kwanza linalopita. Ndo haohao waliotuletea "ugaidi wa nyumbani", mtu unadhani ni kesi ya mume na mke kurushiana sahani kumbe wanamaanisha ugaidi wa ndani ya nchi.

Kiswahili kina kuorodhesha, kina kutangaza, kina kupiga marufuku, na siyo kitu kimoja. Marekani wanaorodhesha vikundi vya nje, sheria yao ya 1996 ilimpa waziri wa mambo ya nje orodha hiyo. Vya ndani havina orodha. Sheria ya 2001, ile iliyokuja baada ya Septemba 11, ilieleza ugaidi wa ndani ni kitu gani ikaishia hapo, haikusema nani atavipachika vikundi jina hilo. Ndo maana 2019 maseneta Ted Cruz na Bill Cassidy walileta azimio (azimio, siyo muswada wala sheria, msinichanganyie) la kutaka Antifa, lile vuguvugu la mrengo wa kushoto linalopinga ufashisti, itajwe hivyo, halafu Septemba 2025 Trump akasaini amri ya kuitangaza kuwa ya kigaidi, na wanasheria wakabaki wanauliza tangazo hilo limesimama juu ya sheria ipi. Umeona sasa? Kutangaza, rais katangaza. Kupiga marufuku ndo kunataka sheria yenyewe, na ukishasema "kuteua" tofauti yote hiyo imepotea.

Kwa hiyo andikeni muswada wa kuvitangaza vikundi kuwa vya kigaidi, ile herufi "u" mkitaka iwekeni msipotaka acheni. Nami nikiisikia tena hiyo "kuteua" kwenye taarifa ya habari nazima redio, nawasha wakati wa michezo, huko kocha akiteua kikosi anateua kweli.