Muvi za Kifaransa kwa sisi tusio wataalamu: uanzie wapi, na umpe nani ipi

Mkuu mleta mada nimekusoma, umesema jamaa yako alikwambia ukitaka kuzijua muvi za Kifaransa anza na À bout de souffle ya 1960, ukaiweka usiku, usingizi ukakupitia, asubuhi ukaamka umeshaamua kwamba Wafaransa hawawezi muvi. Kusinzia ni haki yako kabisa. Ile muvi ina heshima yake, mwongozaji wake Godard alivyokuwa anazikata picha mle kilikuwa kitu kipya na watu kibao wakaja kumuiga, lakini katikati pale kuna jamaa na demu wamejifungia chumbani zaidi ya dakika 20 wanapiga stori tu, mara sigara, mara mapenzi, mara vitabu, na huku jamaa anatafutwa na polisi kwa kuua askari. Mtu uliyezoea picha za mapigano lazima ujiulize huyu mbona hakimbii. Mwenye kosa ni aliyekushauri, kakupa anachopenda yeye bila kukuuliza wewe unapenda nini.

Mimi sio mtaalamu, ni mtu wa kuangalia muvi wikiendi miguu juu ya kochi, Kifaransa changu kinaishia bonjour, ila kazini na nyumbani mimi ndio ninayeombwa flashi. Nilichojifunza ni kwamba mtu humpi muvi kwa sababu ni ya Kifaransa, unampa aina ileile anayoipenda siku zote, tofauti tu humu wanaongea Kifaransa.

Na nikwambie, ushaziona kitambo bila kujua. Taken ya 2008, yule mzee Liam Neeson anamsaka binti yake Paris, na Transporter ya 2002 ya Statham, zile tulizokuwa tunazitazama banda umiza dijei anatafsiri juu kwa juu, zote ni kazi za Wafaransa, mkono wa Luc Besson, mwandishi na mtayarishaji wa kwao, upo kwenye zote mbili, wameongea Kiingereza tu ziuzike dunia nzima. Sasa aliyeongoza Taken, Pierre Morel, kabla yake alitoa Banlieue 13 ya 2004, humo kuna David Belle anaruka kutoka paa hadi paa, anapenya kwenye kadirisha kadogo juu ya mlango kama paka, na ni yeye mwenyewe anafanya. Kama uliiona Brick Mansions ya marehemu Paul Walker, ndio hiyohiyo Wamarekani waliirudia, na Belle wakamchukua tena. Ukipenda magari basi Taxi ya 1998, Marseille, dereva ana Peugeot 406 ya kawaida kabisa kwa kuiangalia, anabonyeza vitufe gari inabadilika, anaunganishwa kazi na mpelelezi ambaye leseni yenyewe kila akifanya mtihani anafeli. Hapo husinzii mkuu.

Lakini ukinibana nitaje moja tu nitasema Intouchables ya 2011. Omar Sy ni kijana wa mtaani, kaenda kwenye usaili wa kumhudumia tajiri aliyepooza, na wala kazi haitaki, anataka asainiwe karatasi kwamba amekataliwa ili aendelee kupokea posho ya wasio na ajira. Angalia mwanzo tu, wanakimbizwa na polisi ndani ya Maserati, wanabanwa, tajiri anajifanya kazidiwa povu linamtoka, polisi wenyewe wanageuka wanawasindikiza hospitali kwa ving'ora. Nimeona watu wasioelewa sabtaito hata moja wakivunjika mbavu hapo. Sy, baba Msenegali mama Mmauritania, akachukua César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kiume 2012, mweusi wa kwanza kuipata kwa nafasi hiyo, na ndio huyo wa Lupin ya Netflix.

Sabtaito sasa. Netflix mara nyingi itakuwekea sauti ya Kiingereza yenyewe, nenda kwenye mipangilio rudisha Kifaransa. Zile sauti za kubandika zinaua muvi, mdomo unasema lake na sauti lake, mtu analia sauti imetulia kama anasoma taarifa ya habari. Dakika kumi za kwanza macho yatachoka, baada ya hapo unasahau kama unasoma.

Jambo la kuwa nalo makini, usiweke muvi ya Kifaransa sebuleni na wakwe kabla hujaipitia. Wenzetu utupu sio ishu, hata Amélie ya 2001 ambayo kila mtu anaisifia ni tamu na ya upole, Marekani waliiwekea R, yaani chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima, kwao Ufaransa ni ya watu wote. Mimi shangazi yangu yuko kwaya ya kanisa nilimpa Les Choristes ya 2004, mwalimu anafika shule ya bweni ya watoto watukutu 1949 anawaanzishia kwaya, ile flashi mpaka kesho hajairudisha, kila nikiulizia naambiwa iko kwa mwenyekiti wa kwaya.

Na miisho yao uizoee. Kule kwenye kila tiketi ya sinema, hata ya Avengers, kuna zaidi kidogo ya asilimia 10 inakatwa inaenda kwenye mfuko wa kusaidia filamu, kwa hiyo kuna waongozaji hawana presha ya kumridhisha kila mtu, steringi anaweza akafa, anaweza asijulikane kafa au la. La Haine ya 1995, vijana watatu, mtaa umetoka kwenye vurugu, bastola moja ya polisi imepotea, muvi inakukatikia palepale mapigo ya moyo yako juu. Ukizoea hapo ndio uende Un prophète ya 2009, dogo anaingia jela hajui kusoma, wababe wa Corsica, kisiwa cha Ufaransa, wanamlazimisha aue mfungwa mwenzake, kuna sehemu anajifunza kuficha wembe shavuni mbele ya kioo, damu inamtoka, mimi nilikuwa nimeshika shavu langu. Hiyo usile huku unaangalia.

Mwisho, ukitafuta andika jina la Kifaransa na mwaka. Les Misérables ninayoipenda mimi ni ya 2019 ya Ladj Ly, polisi na vijana wa Montfermeil, kitongoji cha Paris, ukiandika jina tupu utaletewa ya 2012 watu wanaimba mwanzo mwisho bando limekata. Intouchables hivyohivyo, ukiifungua ukamkuta Kevin Hart ujue umeshusha marudio ya Kimarekani, futa tafuta upya.