Gram Parsons: majibu ya maswali yenu

Gram Parsons, mwimbaji wa Marekani, anaitwa baba wa kantri-roki, mbona sijui hata wimbo wake mmoja uliotamba?

Hakuna uliotamba. Alifariki Septemba 19, 1973, akiwa na miaka 26, na albamu zake hazikuwa zikinunuliwa sana. "Baba" nalo ni neno kubwa: Rick Nelson, mwimbaji wa roki, alishatoa albamu ya kantri mwaka 1966. Parsons alichofanya ni kuimba kantri kama mtu aliyekulia ndani yake, huku bendi nyuma ikipiga roki. Anza na *GP* (1973, nyimbo 11) na *Grievous Angel* (Januari 1974, nyimbo 9, yeye keshafariki). Zimewahi kuuzwa pamoja kwenye CD moja. Ukizipenda, rudi nyuma hadi *The Gilded Palace of Sin* ya mwaka 1969, aliyoifanya na bendi ya Flying Burrito Brothers.

Kwenye *Sweetheart of the Rodeo*, albamu ya bendi ya The Byrds, mbona anasikika kidogo?

Mkataba. Kabla ya kujiunga na The Byrds mwaka 1968 alikuwa amesaini na LHI, kampuni ya Lee Hazlewood, nayo ikadai sauti yake bado ni mali yao. Kwa hiyo baadhi ya nyimbo alizokwisha kuimba zikaimbwa upya na Roger McGuinn, kiongozi wa The Byrds. "Hickory Wind" ilibaki na sauti yake, na matoleo ya baadaye ya albamu yamerudisha zile zilizoondolewa. Wanamuziki wetu wanaoalikwa kuimba kwenye kazi za wenzao wajifunze hapo: kibali cha kampuni yako kiwe cha maandishi, tena mkononi kabla hujaingia studio. Ukikitafuta baada ya kurekodi, wao ndio wanaopanga bei.

Ni kweli aliiacha The Byrds kwa kupinga ubaguzi wa rangi?

Aliiacha akiwa London, Julai 1968, bendi ikijiandaa kwenda Afrika Kusini, na sababu aliyoitoa ni hiyo. Wenzake wa bendi, Chris Hillman na McGuinn, hawakuishiwa na shaka. Waliona alitaka tu kubaki Uingereza na rafiki zake wa Rolling Stones. Sababu zote mbili zinaweza kukaa ndani ya kijana mmoja wa miaka 21. Bendi ilikwenda bila yeye, gitaa likashikwa na mmoja wa wabeba vyombo wao.

Kinachonguruma kwenye *Gilded Palace* ni gitaa gani?

Ni stili ya pedali ya "Sneaky Pete" Kleinow. Chombo hiki hulazwa mbele ya mpigaji aliyeketi. Mkono wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia hudonoa, na miguu hukanyaga pedali zinazovuta baadhi ya nyuzi ili noti ipande au ishuke ikiwa bado inalia. Kleinow aliipitisha kwenye fazi, kifaa cha kukwaruza sauti, kisha akarekodi mistari kadhaa, mmoja juu ya mwingine.

Wanaomwiga huharibu mahali pawili. Kwanza hupiga nyuzi tatu kwa pamoja. Fazi huzichanganya noti na kutoa uji. Piga uzi mmoja, usizidi mbili. Pili ni pedali ya sauti, ile ya kupandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Ikitangulia fazi, ukiipunguza mkwaruzo nao unapungua. Ikikaa baada yake, mkwaruzo unabaki vilevile ila sauti inashuka. Kwa mlio unaofifia ukiwa bado mkali, iweke baada.

Gene Parsons ni ndugu yake?

La. Ni mpiga dramu aliyeingia The Byrds baada ya Gram kuondoka. Majina tu.

Nyimbo mbili zilizounganishwa kwenye *Grievous Angel*, zinazosemekana kupigwa jukwaani kaskazini mwa Quebec, zilirekodiwa ukumbi gani?

Hakuna ukumbi. Ni studio, makofi na kelele za walevi vimepachikwa. Sikiliza anapoimba na mwimbaji mwenzake Emmylou Harris: sauti zao ziko karibu, tena safi mno kwa baa yenye fujo kiasi hicho.