Mafuriko ya ghafla: maswali yenu ya msimu wa mvua

Kwetu haikunyesha hata tone, lakini mto umefurika ndani ya muda mfupi. Maji yametoka wapi?

Yametoka juu. Mvua ikipiga vilimani, maji yote ya eneo lile hukusanyika kwenye bonde moja na kushuka kwa pamoja. Mafuriko ya ghafla hutokea ndani ya saa 6 tangu mvua kubwa ianze, na kwenye makorongo membamba ni suala la dakika tu. Tazama maji yenyewe: yakibadilika rangi kuwa ya tope, vijiti na majani vikianza kupita kwa wingi, au ukisikia mngurumo kutoka juu, ondoka. Inayowadanganya wengi ni pale mto unapopungua ghafla huku mvua inaendelea. Huenda magogo na takataka vimeziba mahali, na siku vikiachia, maji yote yanakuja kwa mkupuo mmoja. Usikimbie kufuata bonde. Panda ubavuni, hata kama ni mita chache tu.

Maji yanakatiza barabarani, hayafiki hata nusu ya tairi. Wenzangu wanavuka. Na mimi nivuke?

Usivuke, tafadhali. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kulisomba gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, yakiwemo yale marefu ambayo madereva wake hujiamini kupita kiasi. Gari likiingia majini huanza kuinuliwa, matairi yanapoteza uzito wa kushika barabara, na hapo mkondo unalisukuma ubavuni. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Kwa macho huwezi kuupima.

Halafu kuna usichokiona. Penye kalvati maji huchimba udongo pembeni na chini yake, lami ikabaki imening'inia kama paa juu ya shimo. Kwa hiyo gari lililopita salama mbele yako halithibitishi chochote. Huenda ndilo lililomalizia kuilegeza. Usiku ni vibaya zaidi, kwa sababu taa huakisi juu ya maji na barabara iliyokatika huonekana nzima. Geuza gari, hata kama safari itaongezeka saa mbili.

Na kama gari limeshazima katikati na maji yanapanda?

Fungua mkanda, shusha kioo cha ubavuni, toeni watoto kwanza, kisha pandeni juu ya paa. Simu utapiga ukiwa nje. Usihangaike na mlango: maji yanausukuma kutoka nje, na ukifunguka gari linajaa mara moja. Vioo vya umeme huweza kugoma maji yakifika kwenye mfumo, ndiyo maana kioo ni cha kushusha mapema. Kikigoma, kipige kwenye kona kwa kitu kigumu chenye ncha. Kioo cha mbele kiache, kimetengenezwa kwa tabaka zilizogandishwa pamoja na hakitawanyiki.

Ukisombwa, lala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, vidole vikiwa juu. Usijaribu kusimama kwenye mkondo, maana mguu ukinasa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi. Ukikuta gogo mbele, geuka ulalie tumbo na ulipande. Usikubali kupita chini yake.

Maji yanaingia ndani. Nizime umeme?

Zima swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi, ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Ikiwa lazima ukanyage maji ili kuifikia, iache na utoke.

Maji ya kisima yananuka tope baada ya mafuriko. Tuyafanyeje?

Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1 kamili. Mahali palipo juu ya mita 2,000, dakika 3. Bila moto, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita 1, au 4 kama maji bado yana ukungu, halafu subiri dakika 30. Yakinuka petroli au dawa za shambani, usiyanywe. Kuchemsha hakuondoi sumu hizo.

Watoto wanacheza kwenye madimbwi mvua ikikatika. Kuna ubaya?

Upo mkubwa. Mifuniko ya chemba huinuliwa na maji, shimo likabaki wazi chini ya dimbwi linaloonekana la kina cha kiganja. Maji hayo pia yamechanganyika na ya vyoo na mikojo ya panya, iletayo homa ya mgunda kupitia michubuko midogo. Mwoshe mtoto kwa sabuni na maji safi. Akipata homa na maumivu ya misuli katika wiki zinazofuata, mweleze daktari wazi kwamba alikanyaga maji ya mafuriko.