Barua kwa Mwanangu: Je, Gari Lako la Kale Lilistahili Bei Uliyolipa?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na picha za gari. Umeniuliza kama ulipunjwa uliponunua Volkswagen Beetle ya mwaka 1970, gari lako la kwanza la kale, kwa kuwa mwenzako kazini amekuonyesha tangazo la nyingine ya mwaka huohuo inayouzwa nusu ya bei uliyolipa. Tangazo hilo lisikunyime usingizi, kwa sababu Beetle mbili za mwaka mmoja, baada ya zaidi ya nusu karne barabarani, zinaweza kuwa magari mawili yasiyolingana hata kidogo. Wala usikubali kutulizwa na mtu anayekwambia kwamba kila gari la kale ni mali, kwa sababu hilo nalo si kweli.

Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Yale yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika mara mbili, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 1953, yanaweza kuuzwa ghali kwa uadimu wake peke yake, lako haliwezi. Ikiwa aliyekuuzia alipandisha bei kwa kudai kwamba gari ni adimu, sehemu hiyo ya bei haikuwa halali. Ulichonunua ni hali ya gari, na zaidi ya yote hali ya mabati yake.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo jibu lako lilipo. Bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma yenye mgongo wa katikati, na chini ya milango, pande zote mbili, inapita mifereji ya chuma inayopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi ndani ya gari. Mifereji hiyo si ya joto tu, bali ndiyo inayoipa bodi nguvu. Kutu huanza ndani yake, mahali ambapo jicho halifiki, na inapojitokeza nje huwa imeshakula sehemu kubwa. Kuibadilisha inavyostahili ni kazi ndefu ya kukata na kuchomelea, na mara nyingi fundi hulazimika kuinua bodi nzima kutoka kwenye sakafu. Hakuna matengenezo mengine katika gari hili yanayoweza kukugharimu kama hayo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo vaa nguo za kazi na uchunguze. Ng'oa mazulia yote, kisha inua kiti cha nyuma uangalie upande wa kulia, pale betri inapokaa, kwa maana asidi yake hutoboa sakafu. Pitisha sumaku ndogo kwenye kingo za chini ya milango na kuzunguka matairi; isiponasa, ujue chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa kuzibia matundu na mibonyeo, badala ya bati. Halafu inua ubavu mmoja kwa jeki, gari likiwa limezuiwa vizuri lisisogee, na ujaribu kufungua na kufunga mlango wa upande huo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugoma, bodi inapinda, na mifereji imedhoofika. Nakuomba uanze na upande wa kushoto, kwa sababu katika picha yako ya tatu rangi ya chini ya mlango huo inaonekana mpya kuliko kwingine, na tena imepita juu ya mpira wa mlango, jambo ambalo fundi makini haliachi.

Injini hainitii wasiwasi kiasi hicho. Ina silinda nne zilizolala pande mbili, hupozwa kwa hewa, imeshikwa na bolti nne tu kwenye giaboksi, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Kipimo kimoja hata hivyo usikiache: injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika puli ya chini, lile gurudumu linalozungusha mkanda wa feni, uivute kwako na kuisukuma mbele. Mchezo wa krankshafti, yaani jinsi mhimili mkuu wa injini unavyosogea mbele na nyuma, usizidi milimita 0.15; ukisikia wazi kitu kikigonga kila unapovuta na kusukuma, injini inahitaji kufunguliwa yote. Hata hilo halimaanishi kwamba uliibiwa, maadamu lilizingatiwa katika bei.

Kuhusu hati, linganisha namba iliyo kwenye hati na ile iliyogongwa juu ya mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Hizo zikitofautiana, acha mengine yote mpaka upate maelezo. Namba ya injini kutofautiana ni jambo la kawaida kwa magari haya, isipokuwa kama muuzaji alikutoza kwa kukuapia kwamba injini ni ile ya kiwandani.

Baada ya hayo, fanya hesabu. Chukua bei uliyolipa, ongeza gharama ya matengenezo ambayo fundi wa kuaminika atakwambia ni ya lazima ili gari liwe zima na salama, kisha linganisha jumla hiyo na bei ya Beetle ya umri huo ambayo tayari ni nzima. Matairi, mafuta na viatu vya breki usivihesabu, kwa sababu kila mnunuzi angevinunua. Jumla yako isipoizidi sana bei hiyo, ulinunua kwa haki. Lifanyie hesabu hiyohiyo gari la mwenzako: ikiwa mifereji yote miwili na sakafu vimeoza, ile nusu ya bei itamezwa upesi na kazi ya kuchomelea. Mimi ningelipa zaidi kwa gari lenye rangi iliyofifia na mabati mazima kuliko kulipa kidogo kwa linalong'aa juu ya puti. Na ukikuta puti ambayo muuzaji hakukutajia ilhali ulimuuliza, hapo utakuwa na haki ya kumrudia, hata kama hesabu imekaa sawa.

Kuna jambo moja lisilohusu bei ambalo siwezi kulinyamazia. Mipira ya petroli karibu na kabureta huzeeka na kupasuka, petroli hudondoka juu ya injini yenye moto, na kasha la injini hiyo limetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, ambayo ikishashika moto ni vigumu mno kuzimwa. Badilisha mipira yote pamoja na vibano vyake kabla hujaliendesha tena, hata kama inaonekana mizuri. Kisha nitumie picha za chini ya mlango wa kushoto ukishainua zulia, na uniambie puli imecheza kiasi gani, ili tuipige hesabu pamoja kabla hujaongea na muuzaji.

Mama yako