Jibu: Jiandae kabla hujasahau nywila ya Windows

Mkuu, umeuliza kama kuna namna ya kujiandaa mapema ili ukisahau nywila usipoteze mafaili. Ipo, na mimi nimeijua kwa hasara.

Nina stationari hapa Majengo, Moshi. Kuna Desemba nilibadili nywila usiku wa kuamkia safari ya Rombo, maana dogo wa dukani alikuwa na marafiki wengi mno. Mlimani nikakaa wiki mbili, na pombe ya mbege mnaijua. Januari nawasha mashine, kichwa cheupe. Fundi akapiga Windows upya kwa elfu ishirini. Mashine ikawaka vizuri, ila ripoti za fildi za wanachuo watatu na orodha yangu ya madeni ndiyo kwaheri.

Kumbe ilihitajika flashi moja tu. Ukiwa bado unaikumbuka nywila, chomeka flashi kwanza, fungua Control Panel, ingia User Accounts, bonyeza "Create a password reset disk". Itakuuliza nywila ya sasa, kisha itaandika kifaili kidogo, userkey.psw. Basi. Hata ukibadili nywila mara kumi baadaye, flashi ni ile ile. Siku ukisahau, ingiza nywila yoyote ya uongo. Chini patatokea "Reset password". Chomeka flashi, weka nywila mpya. Mafaili hayaguswi.

Ila usiiache kwenye droo ya dukani, maana atakayeishika anaingia kama mwenyewe. Yangu nimeizungushia plasta, iko kabatini kwa mama watoto, ambako hata mimi naomba ruhusa.

Hiyo ni kwa akaunti ya kwenye mashine tu. Ya akaunti ya Microsoft, ile unayoingia kwa barua pepe, nywila hubadilishwa mtandaoni, kwa hiyo hakikisha namba uliyoweka ni ya laini unayoitumia. Huko BitLocker, yaani kufuli la Windows linalofunga diski, nayo mara nyingi huwa imejiwasha. Ule ufunguo wake wa tarakimu 48 uprinti, uweke pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa akaunti ya kwenye mashine kuna pia maswali matatu ya usalama, ukiyajibu unaweka nywila mpya; yalikuja na Windows 10 mwaka 2018. Usijibu ukweli: shule yako ya kwanza kijiji kizima kinaijua. Na lile la jina la binamu mkubwa, kwa Mchaga hicho ni kikao cha ukoo.

Januari iliyofuata nikasahau tena. Safari hii nilipiga simu nyumbani, flashi ikaja na bodaboda, na mteja aliyeleta cheti cha kuskani hakujua kitu.