PSA imeshuka baada ya kutumia dawa: je, tezi dume imepona?

Suali: Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni mkulima wa karafuu wa Wete, umri wangu ni miaka 58. Mwaka jana nilikuwa naamka usiku mara nne au tano na mkojo unatoka kidogo kidogo. Nikapimwa, nikaambiwa tezi dume imekua hadi mililita 55 na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ni 5.8, nikaandikiwa finasteridi ya miligramu 5 na tamsulosini ya miligramu 0.4. Baada ya miezi minane nimepima tena na PSA ni 3.4. Kijana wa maabara amenambia nimo katika kiwango cha kawaida, na usiku siku hizi naamka mara mbili tu. Je, nimepona, na naweza kuacha dawa? Pia nikisimama ghafla naona kizunguzungu, na nikishakojoa, nikachamba na kutia udhu, hutoka matone yanayonitia wasiwasi wa sala. Marehemu kaka yangu alifariki kwa maradhi ya tezi.

Jibu: Waalaykum salaam, mzee wangu. Nianze na hiyo 3.4, kwa sababu ina uzito kuliko mengine yote uliyouliza. Sina sababu ya kudhani kwamba maabara ilikosea kupima. Ilichokosa ni taarifa kwamba aliyetolewa damu anatumia finasteridi. Kile kiwango cha 4 ambacho maabara nyingi huandika pembeni mwa jibu kimewekwa kwa mwanamme asiyetumia dawa hiyo, na kwako wewe hakifai kusomwa kilivyo.

Finasteridi huuzuia mwili kuigeuza homoni ya testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, ambayo ndiyo inayoikuza tezi dume. Tezi ikiikosa homoni hiyo husinyaa taratibu, kwa kawaida robo ya ukubwa wake au pungufu kidogo, lakini PSA, ambayo ni protini inayotengenezwa na seli za tezi yenyewe, hushuka zaidi ya hapo, na kati ya miezi sita na mwaka mmoja huwa imebaki takriban nusu ya ilivyokuwa. Kwa hiyo mtu aliyemeza dawa hii kwa zaidi ya miezi sita, jibu lake huzidishwa mara mbili kabla ya kulinganishwa na kiwango chochote. Ukizidisha 3.4 unapata 6.8. Tulitarajia kwamba ile 5.8 ya mwaka jana ingeshuka mpaka karibu na 2.9, nayo haikufika.

Sikwambii kwamba una saratani. PSA hupanda kwa sababu nyingi zisizo na ubaya huo: maambukizi ya njia ya mkojo, kutoa manii siku moja au mbili kabla ya kupima, hata safari ndefu ya baiskeli. Tofauti ya 2.9 na 3.4 si kubwa, na maabara mbili tofauti zinaweza kukupa majibu yanayotofautiana hivyo kwa damu ya siku moja. Lipo pia jambo ambalo wagonjwa wengi huona haya kulisema, nalo ni kuruka vidonge. Kama finasteridi ilikuisha kwa wiki kadhaa kabla hujanunua nyingine, mwambie daktari wako, kwani hilo peke yake linaweza kueleza kwa nini PSA haikushuka ipasavyo. Na mwanzoni hali yako haikuwa ya kutisha: ukiigawa 5.8 kwa mililita 55 za tezi unapata karibu 0.11, na madaktari huanza kuwa na shaka zaidi inapofika 0.15, kwa sababu tezi kubwa hutoa PSA nyingi hata ikiwa haina saratani.

Linalonizuia kukwambia ukae kwa raha ni mambo mawili. La kwanza ni kaka yako. Mtu mwenye baba au ndugu wa damu aliyepata saratani ya tezi dume ana uwezekano wa kuipata wa takriban mara mbili ya mwingine, na sisi wenye asili ya Kiafrika tumo katika kundi ambalo maradhi haya huwapata zaidi, na mapema zaidi. “Maradhi ya tezi” ni maneno mapana. Waulize waliomuuguza kama aliambiwa ni saratani, kama maumivu yalifika kwenye mifupa, au kama alifanyiwa operesheni ya mkojo ulioziba tu. La pili ni kwamba nafuu yako ya usiku haisemi chochote kuhusu saratani. Tezi inayokua kwa umri huvimba katikati, panapopita mrija wa mkojo, na ndiyo maana hubana. Saratani mara nyingi huanzia pembeni na nyuma, mbali na mrija, na inaweza kukaa miaka bila kumwamsha mtu usiku.

Kwa hiyo rudia kipimo cha PSA baada ya wiki kama sita, katika maabara ileile, baada ya kupima mkojo kuhakikisha hauna maambukizi, na kwa siku mbili kabla yake usipande baiskeli wala usikutane na mkeo. Uimeze finasteridi kila siku bila kuruka katika kipindi hicho, na uandike kwenye karatasi ya maabara kwamba unaitumia. Kisha umwone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, na usipompata huko Pemba, omba rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Atakupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kipimo ambacho wanaume wengi hukikwepa ingawa huchukua muda mfupi sana na kinaweza kugundua uvimbe mgumu hata PSA ikiwa ndogo. Akiona haja, atakuandikia MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, au kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi, ambavyo ndivyo vinavyothibitisha kuwepo kwa saratani.

Kuhusu kuacha dawa, usiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi, na nafuu yake huonekana ndani ya siku chache, ila haipunguzi tezi. Ukiiacha, dalili hurudi upesi. Finasteridi nayo ukiiacha, tezi huanza kukua tena na PSA hupanda, na kwa wakati huu hilo litatuchanganyia hesabu.

Kizunguzungu yaelekea kinatokana na tamsulosini, ambayo hulegeza na mishipa ya damu pia. Imeze baada ya chakula, na iwe chakula kilekile kila siku, kwani ikimezwa na tumbo tupu huingia mwilini kwa nguvu zaidi. Ukiamka usiku, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Kama unatumia dawa za presha, zipeleke zote kwa daktari azitazame pamoja. Na kwa kuwa wewe ni mkulima wa karafuu, nakuomba kwa dhati usipande mkarafuu maadamu kizunguzungu hakijaisha; waachie vijana. Ikiwa utafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho mapema kwamba umetumia tamsulosini, kwani huathiri mboni wakati wa operesheni.

Hukutaja damu kwenye mkojo. Ikiwa imewahi kutokea, hata mara moja, ieleze. Pemba tuna kichocho, na wengi wetu tuliogelea vijitoni utotoni, hivyo mkojo upimwe mayai ya vimelea, nao ni bora uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Lakini kwa umri wako damu isipewe jina la kichocho peke yake mpaka kibofu nacho kichunguzwe.

Matone baada ya udhu mara nyingi si ya tezi. Ni mkojo uliobaki kwenye mkunjo wa mrija nyuma ya korodani, na ndiyo maana vidonge havikuyaondoa, wala operesheni ya tezi isingeyaondoa. Ukimaliza kukojoa subiri kidogo, kisha weka vidole nyuma ya korodani, bonyeza taratibu ukisukuma kuelekea mbele mpaka kwenye shina la uume, rudia mara mbili au tatu, ndipo uchambe. Yakiendelea hata baada ya hapo, hukumu ya udhu yako mwulize sheikh wako, na daktari mwambie matone hutoka muda gani baada ya kukojoa, kwa sababu yanayotoka mfululizo kutwa nzima huweza kuwa dalili ya kibofu kinachojaa bila kumalizika, na hilo hupimwa kwa altrasaundi mara tu baada ya kukojoa.